Niliona Mkono wa Dani Umefura, Nikanyamaza

Makosa ni yangu, msinitafutie kisingizio. Nasomea unesi hapa Homa Bay, na hii kitu imenikaa kifuani mpaka nimechoka.

Tangu muhula uanze nilikuwa nimekwisha ndani. Chakula hakipiti, nalala na bado naamka nimechoka. Kichwani wimbo ni ule ule: wewe hujui kitu, uliingia chuo kwa bahati tu. Siku moja wodini nilijibu swali vibaya, wenzangu wakacheka. Basi! Nikaapa sitafungua mdomo tena. Watu wakaniita mpole. Mpole wapi!

Asubuhi moja nyanya mmoja wa kutoka Kisegi, tulimwita dani, yaani bibi kwa Kijaluo, akaniita kitandani kwake.

"Nyathina, mtoto wangu, mkono unaniuma hapa."

Nikaangalia. Mkono umefura, ngozi ni baridi, maji ya dripu yanaingia kwa nyama badala ya mshipa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua: funga dripu, ita sista. Mimi nilijua!

Lakini ule wimbo ukaanza. Na kama umekosea? Watakucheka tena. Nikamwambia, "Iko sawa, dani," nikaenda kujifungia chooni nikalia. Jameni, ujinga gani huu!

Sista alipokuja kugundua, mkono ulikuwa umejaa malengelenge, vidole havikunjiki. Akaniuliza, "Uliona?"

"Niliona."

"Ulijua ni nini?"

"Nilijua."

Hakunifokea. Heri angenifokea.

Kesho yake nikaenda kumpima presha. Dani akauficha mkono chini ya blanketi.

"Wewe hapana, nyathina. Niitie mwingine."

Na alisema kwa upole! Miezi yote nilijiambia sifai kumgusa mgonjwa, na ilikuwa uongo. Sasa nimeufanya uwe ukweli kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku hiyo ndiyo nikamwambia mwalimu kila kitu, akanipeleka kwa daktari. Kumbe ni ugonjwa, unaitwa unyogovu, na una matibabu! Naendelea kutibiwa. Lakini dani alienda nyumbani vidole vikiwa bado vigumu, na ndivyo vidole vyake vya kuanika omena, dagaa wake wa kuuza. Hiyo inaniuma kila siku.

Wewe unayeitwa mpole na unajua ndani umeisha, sema leo! Mwambie mwalimu, mwambie hata mwenzako wa chumba. Ukinyamaza, atakayeumia ni mgonjwa aliyekuita mtoto wake.