Fundi Mapipa Asiyeonja

Eikichi Hisamatsu alikuwa fundi mapipa wa kiwanda cha wiski, na wiski ilimtia kinyaa. Harufu yake ilikuwa ya mdomo wa baba yake, mlevi wa kupindukia, aliyerudi nyumbani theluji imemjaa mabegani akimtafuta mama ampige. Siku mama alipokata roho, alimwapisha mwanawe asionje hata tone. Eikichi akaapa. Kisha, kwa kuwa mjini hapakuwa na kazi nyingine ya maana, akaenda kuunda mapipa.

Kiwandani hakuna aliyejua. Kwenye karamu zao mtu hajimiminii. Humiminiwa na jirani, na glasi iliyojaa haiongezwi kitu. Eikichi aliacha yake ijae, akashika chupa na kuwamiminia wenzake mpaka wakalegea. Wakamsifu kwamba ni mtu wa watu. Walevi wale, hata glasi isiyopungua hawakuiona!

Mwaka wa kustaafu kwake, kiwanda kikatoa wiski ya shayiri tupu iliyolala ndani ya pipa lake la mwaloni wa Hokkaido, mti mkaidi unaovuja hata umbembeleze vipi. Chupa zilikuwa chache, wanunuzi wakachezeshwa bahati nasibu. Na kwenye kila chupa, picha ya uso wake. Alipoletewa ya kwake alikimbilia nje akatapika.

"Wamenibandika kwenye chupa, Mama Sanae," alimwambia mkewe, Fusae. "Baba angekuwa hai, angenifakamia."

"Na kesho watataka unywe mbele ya watu. Waambie ukweli."

"Kwamba miaka yote nimewazuga? Nitauweka wapi uso wangu?"

Kesho yake ukumbi ulijaa. Washindi wa bahati nasibu walikuwa wamekumbatia maboksi yao kama watoto wachanga.

"Hufungui?" Eikichi alimuuliza mmoja.

"Nifungue, mzee? Hii naiuza mwakani. Mimi mwenyewe wala sinywi wiski."

Eikichi alitamani kumtemea mate. Mti ule ulikuwa umesimama msituni tangu enzi za mababu, ukakatwa ili huyu asubiri bei ipande!

Mkurugenzi Kaburagi akammiminia kwa mikono yake miwili. "Fundi, leo unaanza wewe. Sisi sote tunakusubiri."

Hapo glasi iliyojaa haikuweza kumficha tena. Harufu ilimpanda puani, jasho likamtiririka. Alikiona kiganja cha mama yake kilichomshika siku ya kiapo, akawaona na wenzake wote wakimtazama. Akaipeleka glasi mdomoni.

Fusae, aliyeketi kando yake, akainuka. Alimwinamia mkurugenzi, kisha akaichomoa glasi vidoleni mwa mumewe.

"Naomba radhi, mkurugenzi. Mume wangu alimwapia mama yake kwamba hataonja pombe, na hajaonja mpaka leo. Mimi sikuapa."

Akaimaliza yote. Ukumbi ukapigwa na butwaa. Fusae hakuwajali, alikuwa anainusa glasi tupu.

Walipofika nyumbani, Eikichi aliingia bafuni kujisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ndivyo alivyofanya kila jioni ya maisha yake ya kazi, na binti yake Sanae alipokuwa mdogo, Eikichi hakumgusa kabla ya kuoga.

"Baba Sanae, acha kujichubua," Fusae alisema nje ya mlango. "Haitoki."

"Nini haitoki?"

"Hiyo wiski. Leo nimeijua. Kumbe ndiyo harufu yako, ya kila siku unaporudi."

Kumbe miaka yote alikuwa akiingia kwake na harufu ileile ya baba yake.

"Na Sanae?" aliuliza kwa shida. "Sanae naye aliisikia?"

"Aliisikia kabla hujavua viatu, akakimbilia mlangoni kukupokea. Wewe je, ulipoisikia ya baba yako, ulikimbilia wapi?"

"Kabatini," alisema Eikichi, na kitambaa cha kujisugulia kikamponyoka mkononi.