Mrija wa Okiring

Siku ile naikumbuka kwa mlio wa kengele ya baiskeli. Kaa hapo, mwanangu, nikusimulie, maana mkeo amelala na ninayotaka kusema ni yako zaidi kuliko yake. Ana mimba, na jana nilikusikia ukimfokea kwa ajili ya chai tu. Usinikatize, sijaanza kukugombeza.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera za pande zote mbili za mpaka zikiwa bado mpya. Mimi msichana wa Kisamia kutoka upande wa Kenya, nikaolewa huku Buteba, ng'ambo ya mpaka, na babu yako Okiring, Mteso. Mimba yangu ya kwanza ilitoka kabla watu hawajaijua. Ya pili ilipoingia, Okiring akaingiwa na hofu, na hofu ya mwanamume yule ilitokea mdomoni kwa kelele. Alikuwa akinunua ng'ombe kule Mella na kuwauza kwenye minada ya huku, mtu wa kurudi na vumbi na hasira. Nikibeba mtungi, kelele kwa nini nimebeba. Nisipobeba, kelele kwa nini maji hakuna. Na kila kelele aliimalizia kwa maneno yale yale: hii nayo ikiharibika, nakurudisha kwenu ng'ambo.

Wewe unajua mwanamke akiambiwa hivyo anasikiaje? Chakula kilikataa kupita. Usingizi ukapotea. Tumbo likakua, mimi nikakonda.

Sasa ile baiskeli yake ilikuwa na kengele. Akikata kona ya shamba la pamba aliipiga, ili tujue mwenye nyumba amefika. Nikiisikia tu moyo unanienda mbio, na mtoto tumboni anaruka. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nilikuwa mgeni, hata jiko langu mwenyewe sikuwa nalo. Nilipika kwenye mafiga ya mama mkwe, kama ilivyokuwa desturi kwa bibi harusi ambaye hajapewa jiko lake.

Huyo mama mkwe ndiye ninayetaka umjue. Jina lake Amoding, mjane, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyethubutu kuizidi. Wenzangu walikuwa wakilia na mama wakwe zao kila kukicha. Mimi nilipewa yule, na mpaka leo nikimtaja nanyoosha mgongo. Yeye alisema Kiteso, mimi Kisamia, basi tukaelewana kwa Kiswahili cha sokoni, kile kilichovunjika miguu lakini kinafika.

Tulikuwa tukisaga wimbi kwenye jiwe, mimi na yeye. Majirani walikuwa waje kutusaidia kupalilia pamba, na shukrani yao ingekuwa malwa, pombe ya wimbi ambayo watu huinywa wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kengele ikalia kule kwenye kona. Jiwe la kusagia likaniponyoka, likanibana kidole. Amoding hakukitazama kidole. Aliweka kiganja chake tumboni mwangu, akakiacha pale pale mpaka mwanawe alipopita na kuegesha baiskeli ukutani. Kisha akaniuliza polepole, mtoto anaruka hivi tangu lini. Nikamwambia, tangu alipoanza kucheza. Alirudi kwenye jiwe lake akaendelea kusaga, na mimi nikadhani mambo yameishia hapo.

Siku ya palizi ikafika. Kazi ilipokwisha wanaume wakakaa kuzunguka chungu, Okiring katikati ya marika wake, akisimulia fahali fulani aliyemsumbua njia nzima. Mimi niko mlangoni na bakuli la karanga. Amoding akaja na birika la maji ya moto kukiongezea chungu, ambayo ni kazi ya mama mwenye nyumba, hakuna aliyemwangalia. Akaliweka birika chini. Akaushika mrija wa mwanawe na kuuchomoa kwenye chungu, taratibu, mpaka ncha ikatoka ikidondosha pombe.

Mwanangu, sijui nikuelezeeje. Mrija ni wa mtu, hauguswi ovyo. Kuchomolewa mrija mbele ya marika wako ni kuambiwa uondoke kati ya watu wazima. Na angeweza kumkemea kwa Kiteso, lugha yao ya nyumbani. Alichagua Kiswahili ili na mimi pale mlangoni nielewe.

“Okiring, mtoto nasikia kengele yako na naogopa. Bado hajazaliwa, hajaona hata jua, lakini tayari yeye nakujua wewe ni mtu wa kuogopwa. Mrija hii nakaa na mimi. Siku kengele nalia na huyu mama hashtuki, mimi narudisha.”

Hakuna aliyecheka. Babu yako angeweza kuinuka akaondoka, na wengine wangemwona mwanamume. Hakuondoka. Alikaa na marika wake bila kunywa mpaka chungu kikaisha, na hapo na yeye namsifu.

Tangu siku ile alikuwa akishuka kwenye baiskeli kule kwenye pamba na kuisukuma, bila kupiga kengele. Mwanzoni alininyamazia kabisa, na kimya chake kikanitisha kuliko kelele. Kisha akaanza kunisalimu toka mbali, kuniuliza nimelalaje. Akawa anafunga mtungi kwenye baiskeli na kwenda kisimani mwenyewe, wanaume wenzake wakimtania. Siku moja, tukimenya mihogo, akaniambia kwamba yeye pia alikuwa anaogopa, kwamba hakuwa na nguvu za kuipoteza mimba ya pili. Nikalia, na yeye akalia. Kuanzia hapo chakula kikaanza kushuka.

Nikiwa nimekaribia kujifungua, alasiri moja nilikuwa nachambua karanga uani. Okiring akaja, nikainuka kumpokea kikapu, nikamuuliza kama chumvi ameikumbuka. Basi. Mimi sikuona chochote cha ajabu. Ila Amoding akainuka kimya, akaingia ndani, akatoka na ule mrija, akampa mwanawe kwa mikono miwili. Ndipo nikatambua kwamba siku ile Okiring alikuwa ameipiga tena kengele kule kwenye kona, na mimi sikushtuka. Okiring alifuta macho kwa mkono wa shati.

Mtoto yule wa tumboni ndiye baba yako.

Dada yako, nesi wa Tororo, nilipomsimulia haya alinifafanulia. Anasema mama akikaa na hofu siku nenda siku rudi, mwili wake unatoa kemikali za hofu, na nyingine zinamfikia mtoto. Ubongo wa mtoto ndio kwanza unajijenga, unajifunza kwamba dunia ni mahali pa kushtuka. Mtoto anaweza kuzaliwa mapema, au mdogo, au akawa mgumu kutulia na kushika masomo. Anaweza, hakusema lazima. Kugombana siku moja hakumharibu mtoto, na aliyezaliwa katika shida akipendwa anatengemaa. Kwa hiyo usije kamwe ukamwambia mkeo kwamba wasiwasi wake unamdhuru mtoto, utakuwa umemwongezea mzigo juu ya mzigo. Mwondolee kinachomtia wasiwasi.

Nasaha yangu ni hii. Mama mwenye mimba hajilindi peke yake, nyumba nzima inamlinda. Kama unaogopa, sema unaogopa, usipige kelele. Mbebee maji. Mwache alale. Ukimwona halali usingizi wala hali chakula, mpeleke kliniki aseme yaliyo moyoni. Na ukimsikia mwanamume mwenzako akimtishia mkewe mjamzito, usitazame pembeni ukiendelea kunywa. Amoding hakutazama pembeni, na yule aliyekosea alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Haya, nenda ukamchemshie mkeo chai, umpelekee akiamka. Mungu auweke mkono wake juu ya tumbo lile kama Amoding alivyouweka wake juu ya langu. Akujalie mtoto mwenye usingizi mzito, na akupe nyumba ambayo ukipiga kengele kwenye kona, watu wanainuka kukupokea kikapu.