Mbuzi wa Ntheo Ndani ya Gari la Mbio

Kuna mteremko mmoja kule Kikima ambao mpaka leo nikiupita naangalia upande wa pili, na si kwamba kuna cha kuangalia. Wacha niseme tu mwenyewe, maana walioniona siku ile ni wengi na baadhi yao bado wana midomo.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi Makindu kwa tajiri mmoja aliyekuwa na gari kuukuu la mbio, la milango miwili, alilolipenda kuliko chakula. Akanipa kazi ya springi na breki, nami nikaifanya vizuri (nasema vizuri, ngojeni): nikalishusha mpaka paka hawezi kupita chini, nikatoa hendibreki kwa sababu ni uzito wa bure, na paipu za breki za nyuma nikazifunga kwa waya karibu na tairi, gari likiwa tupu, zikakaa sawasawa. Tajiri akaniambia nikalijaribu barabara ya Mombasa, peke yangu, bila mzigo.

Sasa Jumamosi hiyohiyo nilikuwa napeleka ntheo kwa kina Mwende, mchumba wangu, kule Kikima. Kwetu Ukambani bila wale mbuzi watatu wa ntheo huna mke, hata mkizaa timu ya mpira. Na baba yake, Mzee Nzioka, mzee wa kanisa, alikuwa ameshasema hataki mkwe wa kunuka grisi. Nikajiambia kujaribu gari ni kujaribu gari, na mzee akiona ninachoendesha atanyamaza. Nikamweka mjomba Mutisya mbele (ndiye wa kusema maneno ya kukabidhi), mbuzi nyuma, tukaondoka.

Kwenye milima ya Mbooni nikasikia harufu ya mpira, nikalaumu mbuzi. Kumbe uzito wao ulikuwa umelishusha gari mpaka tairi linaitafuna ile paipu yangu nzuri, na magari ya zamani yale paipu moja ikitoboka breki zote zimekwenda.

Nilijua hayo nilipoanza kuteremka kwa Mzee Nzioka. Akina mama wa kanisa wamejipanga langoni wanaimba, mzee mwenyewe amevaa koti. Nikakanyaga breki, mguu ukafika sakafuni. Nikapampu mara tatu kama tunavyofanya na malori, sakafu tena. Nikarudisha gea ya chini ili injini ilizuie gari, ikanguruma, wakadhani nawasalimia, wakapiga vigelegele, na kila nikirudisha gea wao wanazidisha. Tukalipita lango. Mjomba alikuwa ameshaanza kupunga mkono, akaendelea tu kuupunga.

“Kyalo,” akaniambia kwa upole, “tumepita kwa wenyewe.”

Njia ilikata kona, mimi sikukata. Tukasimama katikati ya kahawa ya mzee, tuta la tatu kutoka juu, hakuna aliyeumia. Mbuzi wakaruka nje kupitia dirishani, wakapanda matuta mpaka nyumbani, wakaanza kula mahindi yaliyoanikwa. Mimi na mjomba tulifika baadaye tukihema, nimeshika kamba tupu. Mjomba akaanza maneno yake, mzee akainua mkono.

“Hizi mbuzi zimefika,” akasema. “Wewe ndio hujafika.”

Na kweli, mbuzi waliojileta wenyewe si ntheo, nani amewakabidhi? Wakakamatwa, wakafungwa, tukarudishiwa mbele ya kwaya nzima. Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa. Nilimpenda yule msichana, na niliamini nimempoteza kwa sababu ya paipu. Yeye alikuwa mlangoni amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, na mpaka leo hataki kusema kama alikuwa analia.

Tajiri alikuja kulivuta gari kwa lori mpaka Makindu. Mwezi uliofuata nilirudi Kikima na mbuzi, safari hii kwa miguu kutoka sokoni, mjomba mbele, tukasimama langoni kama watu, mzee akapokea.

Niliapa sitapima tena gari likiwa tupu. Mteja akija na breki namwambia kwanza alete mke, watoto na magunia yote, wakae ndani ndipo nilale chini nione. Wengi hukasirika. Mwende huwaletea chai na kuwaambia wavumilie, yeye mwenyewe alingoja mwezi mzima kuolewa.