Mkono wa Kuchuma Dawa

Nilirudi nyumbani kumuaga nyanya, si kujifunza dawa. Nilikuwa nimepata kazi ya hoteli Naivasha, niripoti mwisho wa mwezi. Kwa kuwa siku zilikuwa bado, nikaanza kumsindikiza msituni, nimbebee kikapu tu.

Nyanya hakuwa mwalimu mpole. Ukishika jani lisilofaa, anakuchapa kofi la mkono. Alinifundisha kunusa kabla ya kutazama, maana majani hufanana lakini harufu hazifanani. Mkombero, ule mzizi wa kutafuna, tuliuchimba upande mmoja tu, kisha tukaufukia usife. Gome la mti alilibandua upande wa mawio na upande wa machweo, kwingine hakuguswi.

Nina pua kali, na nilijivunia. Uyoga wa kuliwa, mboga za mwitu, mizizi ya tumbo, vyote nilivitambua upesi, nikamletea nikicheka. Asubuhi moja akaniambia nifungue mikono. Akatema mate viganjani mwangu, akavifunika kwa vyake. Kwetu wazee hubariki hivyo, kwa hiyo nikadhani ananitakia safari njema. Nikamshukuru, mjinga mimi.

Jioni akaja jirani analalamika tumbo. Nyanya hakuinuka.

"Ambia huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Mkono nimempa."

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyenieleza, huku akisonga obusuma, ugali wetu, jikoni. Dawa ya boma letu haiponyi mpaka ichumwe na mkono uliopewa, na mkono hupewa mtu mmoja. Mwenye nao halali nje ya boma, kwa sababu wagonjwa huja wakati wowote.

"Sasa wewe utaendanga wapi?" akauliza.

Nikaamua kumfundisha yeye, na kwa kweli alichuma kunishinda. Lakini wagonjwa waliuliza kwanza nani kachuma, na wakisikia ni wifi, wanaacha kikombe mezani.

Nikamwendea nyanya nikiwa nimefura.

"Kukhu, mbona hukuniuliza?"

"Hata mimi sikuulizwa." Alikuwa anakunja nguo zake, anazitia kwenye mfuko. "Mama mkwe alinitemea nikiwa bibi arusi. Binti yangu ameolewa Lumakanda, amezaa, sasa anazeeka, na mlango wake siujui."

Pikipiki ilikuwa inamngoja nje. Alipanda akikumbatia mfuko wake, akacheka kama msichana. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo. Nilimchukia na nikamfurahia kwa pamoja, nikasimama pale hadi vumbi likatulia. Alisema atarudi Jumapili.

Mwezi ukaisha bila yeye kurudi, na mimi bado niko hapa. Juzi nilimpigia simu kumwambia kule hotelini wameshamwajiri mtu mwingine. Akaniuliza kama wagonjwa wanapona.

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia wanapona.

"Basi acha nikae kidogo," akasema.