Gitaa Lililonadiwa pamoja na Kuku

Mjini Singida kuna duka ambalo wenyeji hulitumia kuelekezea wageni. "Ukifika duka la gitaa, kata kushoto." Duka lenyewe halijawahi kuuza gitaa. Linauza spea za baiskeli, mabeseni, chemli, betri za redio na nyavu za mabanda ya kuku. Lakini juu ya rafu ya mwisho, karibu na dari, lilining'inia kwa miaka mingi gitaa moja la umeme, jekundu, likiwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani. Marehemu baba wa mwenye duka aliliagiza enzi zile ambapo kila kiwanda na kila chama cha ushirika kilijiona hakijakamilika bila bendi. Bendi zikafa, viwanda vikafa, ushirika ukafa ukafufuliwa ukafa tena, na gitaa likabaki palepale, jipya kuliko vitu vyote vipya vya nchi hii, kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuligusa.

Nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa msichana wa sekondari, nimetumwa utambi wa chemli. Baadaye nikaenda chuo, nikarudi na shahada, nikapangiwa kufundisha Iguguno, nikaolewa, nikalea watoto wakaondoka. Na kila nilipofika mjini nilipitia dukani kulitazama, kama mtu anavyopitia wodini kumjulia hali ndugu. Mengi niliyoyatamani ujanani niliyapata na kuyachoka. Hili halikunipa nafasi ya kulichoka.

Nafasi ilijitokeza pale mpiga gitaa wa kwaya yetu alipohamia Manyoni, akaondoka na gitaa lake. Tukabaki na kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, ambacho kilikuwa na mdundo mmoja tu uliofanya kazi, kikaupiga kwenye harusi na kwenye mazishi bila ubaguzi. Nilijifunza gitaa chuoni, kwenye gitaa la mbao la kuazima, na sikuwa nimelisahau. Nikamwendea mwenyekiti wa kwaya baada ya ibada, nikamwambia kiti cha mpiga gitaa nakitaka mimi.

"Mwalimu," alisema, akitazama miwani yangu badala ya macho yangu, "gitaa ni la vijana. Linavaliwa begani. Wewe una kitenge, una miwani, una wajukuu njiani."

"Wajukuu watanikuta nimelivaa."

"Kwanza gitaa lenyewe lipi?"

"Nitaleta langu."

Akacheka kwa upole, kama wanavyocheka viongozi wanaojua kwamba jambo limeshindikana bila wao kulikataa. "Lete linalolia kabla ya Sikukuu ya Mavuno, kiti ni chako. Lisipolia, tunabaki na kinanda, na suala hili lisirudi tena kikaoni."

Wiki ileile nikaenda mjini. Mwenye duka, ambaye ni rika langu na alirithi kutoka kwa baba yake duka, mizani na mzaha, alidhani nimekuja kulitazama kama kawaida.

"Leo nimekuja kulichukua," nikamwambia.

"Hilo haliuzwi, mwalimu."

"Limetundikwa dukani, na haliuzwi?"

"Nikikuuzia wewe, kesho mtu akiuliza njia ataambiwaje? Akate kushoto kwenye duka la mabeseni? Maduka ya mabeseni yako mangapi mtaa huu?"

Hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Nikarudi Iguguno, nikaomba gitaa moja la zamani la mbao lililotupwa stoo ya kanisa, lililopasuka tumbo, ambamo panya walikuwa wamezaliana kwa amani. Mwenyekiti alinipa kwa furaha. Alifikiri ndilo nitakalopiga. Nikalipeleka dukani.

"Lakini hili bovu!" alisema mwenye duka.

"Kwani lako lilikuwa likipigwa?"

Alicheka mpaka akashika kaunta. Tukaelewana bei, akalishusha langu kwa upondo wa kushushia mabeseni, akalitundika lile bovu mahali pake, baada ya kulivisha nailoni mpya. Tangu siku hiyo wageni wameendelea kukata kushoto palepale bila kupotea. Aliponikabidhi aliniasa jambo moja. "Nailoni usitoe, mwalimu. Baba alikuwa akisema, nailoni ikitoka ndipo kitu kinapoanza kuzeeka."

Wala si falsafa ya familia yake peke yake. Sebuleni kwangu makochi yamevaa nailoni, na wageni wa msimu wa joto huinuka wakitoa mlio wa plasta inayobanduliwa. Rimoti ina nailoni. Runinga ina kitambaa cha kufuma, na kitambaa kina nailoni. Kabatini mna vikombe vinavyomsubiri mgeni ambaye, kwa hesabu ya heshima tuliyomtengea, hajazaliwa bado. Sisi ni watu wa kununua kitu ili tukilinde dhidi ya matumizi. Mume wangu, bwana shamba mstaafu, alipoliona gitaa alilisifu kwa sentensi moja: "Safi, tulitafutie ukuta."

Nililivua nailoni akiwa shambani. Rangi ilikuwa iking'aa kama pilipili iliyooshwa, lakini nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu. Niligusa mmoja, ukatoa sauti yake ya kwanza na ya mwisho, ukakatika. Vigingi vya kukazia havikuzunguka. Shingo ilikuwa imepinda kidogo kwa ukame wa miaka yote ile chini ya bati. Nikaagiza nyuzi kutoka Dodoma, na siku ya kwenda kuzipokea kituoni kwa kondakta wa basi nikaliacha gitaa mezani, nikamwomba mume wangu asiliguse.

Niliporudi, nyumba ilinukia maandazi.

"Nimekusaidia," alisema. "Vigingi vilikuwa vimekaza, nikavitia alizeti."

"Vigingi tu?"

"Na vile vitufe vya sauti. Na humo ndani kwenye nyaya. Na mwili wote, upate kung'aa."

Asiyetoka Singida huenda asielewe. Kwetu mafuta ya alizeti ni jawabu linalosubiri tatizo. Hupakwa mtoto mchanga, bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, na kwato za punda. Kijana anayekwenda kuposa hupakwa usoni ili ukoo wa upande wa pili uone kwamba anatoka nyumba yenye shibe. Tatizo ni kwamba mafuta ya kukamua, yasiyochujwa, yakikutana na joto na vumbi, hugeuka gundi. Baada ya siku chache vigingi vilizunguka vizuri kweli, lakini vitufe vya sauti viliganda kama vimechomelewa, na sisimizi walikuwa wamejipanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye tundu la waya.

Mume wangu hakuomba radhi. Wataalamu wa kilimo hawaombi radhi. Hutoa ushauri mwingine. "Tujaribu mafuta ya taa," alisema. Nikamkabidhi bisibisi zote ila moja azishike, ili mikono yake iwe na shughuli, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikasafisha kitufe kimoja kimoja kwa spiriti na mswaki wa zamani. Nikanyoosha shingo kwa kuikaza polepole bolti iliyomo ndani yake. Nikavisha nyuzi mpya. Jumamosi ya mwisho kabla ya Mavuno nikalipeleka kanisani kwenye mazoezi, nikachomeka waya kwenye amplifaya ya kwaya. Likakwaruza, likakohoa, kisha likalia, sauti nyembamba na safi.

"Linalia," alisema mwenyekiti, kwa huzuni.

"Basi kesho nitapiga."

"Utapiga. Ila chombo kipya hakipigwi ibadani kabla ya kuombewa. Utaratibu, mwalimu." Akalitwaa, akalifunga utepe mwekundu wenye ua, na kesho yake alfajiri akaliweka mwenyewe mbele ya madhabahu, katikati ya magunia ya alizeti, vitunguu, na kuku waliofungwa miguu.

Hapo ndipo utaratibu mmoja ulipokutana na mwingine. Siku ya Mavuno, kila kilicholetwa madhabahuni ni sadaka, na kila sadaka hunadiwa uwanjani baada ya ibada. Mzee wa kanisa anayeendesha mnada ana sauti ya kuita ng'ombe toka kijiji cha pili na hana muda wa kuuliza maswali. Alimaliza kuku, akamaliza vitunguu, akainua gitaa langu.

"Na huyu naye, amefungwa utepe!"

"Shikamoo mzee," nikajipenyeza mbele. "Samahani, hilo ni langu. Lililetwa kuombewa tu."

"Marahaba, mwanangu. Hata hao kuku walikuwa na wenyewe." Watu wakaangua kicheko. "Kilichofika madhabahuni hakirudi nyumbani bila mnunuzi!"

Nikamtazama mchungaji, akayatazama mawingu. Nikamtazama mwenyekiti, akakutwa na haja ya kuhesabu viti. Kumnyang'anya Mungu gitaa mbele ya usharika mzima, hilo hata shahada yangu haikunifundisha njia yake. Na mgeni rasmi, aliyealikwa kwa kuwa hununua mazao yetu, alikuwa si mwingine bali mwenye duka la gitaa.

Mume wangu akataja bei. Mtu akapaza sauti: "Gunia hufunguliwa tuone punje! Hilo nalo lifunguliwe tulisikie!"

Wakanivisha gitaa begani. Nikiwa nimesimama pale, nikaielewa hali yangu. Nikilipiga vibaya, tutalipata kwa bei ya kuku mtetea. Nikilipiga vizuri, ninajipandishia bei mwenyewe.

"Piga ovyo, mama watoto," mume wangu alininong'oneza. "Unaweza. Nimekusikia nyumbani."

Nilikusudia kumtii. Lakini vidole vilikuwa vimesubiri tangu enzi za utambi wa chemli, na kwenye onyesho lao la kwanza vikakataa kuambiwa vijifanye vijinga. Nikaanza wimbo wetu wa mavuno. Akina mama wa sauti ya kwanza wakaudaka, kisha sauti ya pili, na kila ubeti ulipokwisha bei ilipanda. Mume wangu aliinua mkono, akautumia kujikuna kichwa. Mwenye duka hakuwa akicheka tena. Kila aliyetaja bei, yeye aliongeza, bila kuondoa macho kwenye nyuzi.

Akashinda. Nikalivua begani.

"Baba alikaa na gitaa hili mpaka anakufa," alisema, "nami nimekua chini yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia." Kisha, kama walivyofanya waliomnunulia mchungaji kuku, akaligeuza, akalikabidhi kwa kwaya. "Mimi dukani nina lingine."

Hivyo gitaa si langu. Ni mali ya kwaya; linakaa kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo uko kwa mwenyekiti. Lakini mali iliyotolewa na mgeni rasmi haiwezi kukaa bila mpigaji, kwa maana mgeni huyo ameahidi kuja tena Mavuno yajayo kulisikiliza, na mpigaji ni mmoja. Kiti nimekipata.

Jumamosi iliyopita mwenyekiti alifungua kabati, nikakuta amelivisha nailoni nene, imebanwa kwa gundi kila upande.

"Ili lisizeeke, mwalimu," alieleza.

Nikaazima mkasi wake wa kukatia utepe, nikatoboa dirisha pale nyuzi zilipo na jingine pale mkono wa kushoto unapopita. Sehemu iliyobaki nimemwachia alinde. Likipigwa linachakarisha kidogo, kama makochi yangu mgeni anapoinuka, na sauti ya pili wamekwisha kulizoea.