Utaridi na Boti ya Mwamgongo

Binti yangu alikosa safari ya Gombe kwa sababu ya ubishi wangu. Siku moja kabla ya shindano la sayansi shuleni kwao alinikuta barazani, nashona, akaniuliza sayari ziko ngapi. Sikusimamisha hata cherehani. "Tisa," nikamwambia, nikamshushia zote kwa wimbo, kuanzia Zebaki mpaka Utaridi. Akasema kitabu cha mwenzake kina nane. Nikamjibu kuwa kitabu cha mwenzake kimechanika ukurasa.

Nilimaliza kidato cha nne, nani wa kunibishia?

Washindi wangepelekwa Gombe kuona sokwe. Binti yangu kazaliwa hapa Ujiji, boti anaziona zikipita, na hajapanda hata moja, kwa kuwa kajaliwa baba kama mimi. Safari yangu ndefu ni kwenda Mwanga sokoni kununua uzi, na nikifika tu naanza kukumbuka kiti changu.

Siku ya shindano ikabaki nafasi moja na swali moja, na swali likawa hilohilo la sayari. Akajibu tisa, kwa sauti, kwa wimbo wangu. Aliporudi hakulia. Aliweka begi chini, akasema, "Baba, Utaridi ilishaondolewa," akaingia ndani.

Nikaenda shuleni mbio, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mwalimu," nikasema, "sayari inaondolewaje? Imehamishwa kituo cha kazi?"

Akacheka, mwalimu mwenyewe binti mdogo tu, na kicheko chake kikanizidishia hasira. "Mzee wangu, kwa macho matupu watu waliishia kwenye sayari ya sita, ile tunayojua leo kuwa ina pete, na hizo pete zenyewe hawakuziona. Darubini ndizo zilizowaonyesha, zikaongeza na sayari mbili. Zilipoboreshwa zaidi zikaona kinukta cha tisa, hiyo Utaridi yenu. Zilipoboreshwa tena zikakuta huko mbali vinukta vya namna hiyo viko vingi, na kimojawapo kinakaribiana nayo kwa ukubwa. Sasa ama vyote viitwe sayari, ama Utaridi ishushwe. Ikashushwa, ikaitwa sayari kibete."

"Lini?"

"Binti yako hajazaliwa."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Mimi nilichapwa kwa ajili ya Utaridi! Niliitaja kabla ya Kausi, ile ya nane, nikalazwa kifudifudi mbele ya darasa. Viboko vile nani atanirudishia? Wenye darubini wanaona zaidi, wanajisahihisha, wanapeana mikono, wanakwenda kula. Kwetu habari yao inafika kwa njia ya mtoto kukatwa maksi. Darubini yenyewe sijawahi kuitia machoni, wala shule ile haina. Tulichopewa ni majina ya kukariri, na majina yakifutwa hakuna wa kupita mtaani na kipaza sauti kutuambia. Wauza dawa ya panya wanapita kila wiki!

Hayo yote nilimwambia mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama mtoto hakuniambia kwamba ziko nane. Nilitoka bila kuaga, na hasira nilizompelekea nikarudi nazo zote, maana sasa nilijua ni za nani.

Tangu siku hiyo binti yangu hajaniuliza swali tena. Kazi za shule anazipeleka kwa mwenzake, mwenye kitabu nilichosema kimechanika. Mimi ananisalimia tu, "Shikamoo baba," kama anavyosalimia wateja.

Jirani yangu, mama anayekaanga dagaa mbele ya baraza langu, alinivumilia siku kadhaa nikiwatukana watu wa darubini. Akitaka kunisimanga huniita mugabo, mwanamume kwa Kiha. Jana akageuza dagaa wake, akaniuliza, "Hiyo Utaridi, uliwahi kuiona?"

"Nitaionea wapi? Iko mbali mno."

"Na Gombe?"

Nikainamia sindano, nikajifanya natafuta tundu la uzi.

"We mugabo," akasema, "Gombe haijaondolewa. Boti ya kwenda Mwamgongo inatoka Kibirizi kila siku, na inapita hapohapo Gombe. Funga hicho cherehani umpeleke mtoto, utuache tupumue."