Mkokoteni Usiokubali Kusimama

Mimi ambaye huwahubiria wanafunzi kwamba kazi isiyokaguliwa ni ulaghai, nakiri kwamba juzi nilionyesha hadharani kazi ambayo sikuikagua.

Shule yetu hapa Musoma ina kompyuta moja ya msaada. Kamati ya wazazi ilitaka chumba chake kikodishwe kiwe duka, maana siku hizi biashara ni ruksa. Ili kukiokoa, niliandika programu ya fizikia: mkokoteni wa pamba kwenye kioo. Ukibonyeza kitufe, ng'ombe wanauvuta mara moja tu, kisha msuguano unausimamisha.

Nikabonyeza mbele ya wazazi na wanafunzi. Mkokoteni ukaondoka, wakapiga makofi. Kumbe sikuwa nimeandika amri ya kuifuta ile nguvu ya ng'ombe ikishatumika, hivyo kompyuta iliuvuta upya bila kukoma. Ukapotelea ukingo wa kulia, ukaibukia kushoto kwa kasi zaidi.

"Mwalimu, hao ng'ombe unawalishaga nini?" akauliza mzazi mmoja kutoka Bunda.

"Nidhamu!" nikajibu, jasho likinitoka.

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa kamati akasimama. "Duka litafute pengine. Kompyuta ibaki!"

Nilikuwa nimeshinda. Nikapokea shangwe kama jemadari aliyerudi kutoka vitani.

"Sasa usimamishe, Mwalimu," akaongeza mwenyekiti, "tuone na breki."

Nikabonyeza kitufe kile kile, kwa kuwa sikuwa na kingine. Mkokoteni ukawa kama radi. Basi, wazazi na wanafunzi wangu wote wakitazama, nikapiga magoti, nikatambaa chini ya meza na kuchomoa waya ukutani.